Nani Alilipa Karo?

Kijana hupewa watu kabla hajamaliza kujijua mwenyewe. Hutokea jeshini, hutokea darasani, hutokea hata baharini nahodha anapougua na mwanawe akashika usukani. Akikosea, wanaoumia kwanza ni wale aliokabidhiwa. Suala hili lilizuka barazani kwetu Mombasa alasiri moja, birika la kahawa na sahani ya tende vikiwa katikati, likatupeleka mbali: kwenye misitu ya Amerika Kaskazini, kati ya 1753 na 1758, kwa afisa kijana wa koloni la Virginia aliyeitwa George Washington. Dunia inamjua kwa ule uso wa kizee ulio kwenye noti ya dola moja ya Marekani. Sisi tulimzungumzia akiwa bado hajaota mvi wala busara.

Mjomba alitumikia jeshi miaka 28 akastaafu na cheo cha sajini meja. Dada anafundisha historia shule ya sekondari. Kijana, mdogo wake Dada, ana miaka 22, na wiki ijayo anaripoti kwenye mafunzo ya uofisa. Yeye ndiye aliyeleta mada. Alikuwa amesoma habari za Washington na alitaka kujua achukue nini na aache nini. Nimeyaandika waliyosema kwa sababu naamini kila anayekabidhiwa watu yafaa ayasikie.

Hoja: Vita vya mpakani vilimfanya George Washington kuwa kiongozi.

MJOMBA: Naunga mkono hoja, na naanza na maji baridi. Mwaka 1753 Robert Dinwiddie, naibu gavana wa Virginia, alitafuta mtu wa kuwapelekea barua Wafaransa waliokuwa wakijenga ngome kuelekea bonde la mto Ohio. Barua iliwataka waondoke. Washington akajitolea. Ana miaka 21, kazi aliyoizoea ni kupima ardhi, vita hajawahi kuviona. Akafika Fort Le Boeuf mwezi Desemba. Kamanda wa Kifaransa akampokea kwa adabu na kumjibu kwa adabu kwamba hawaondoki. Wakati wa kurudi farasi walichoka kabisa, basi yeye na mwenzake, Christopher Gist, wakaendelea kwa miguu. Mto Allegheny waliukuta haujaganda wote, mapande ya barafu yanateremka na mkondo. Wakaunda chelezo kwa kishoka kimoja, kazi ya kutwa. Katikati ya mto barafu ikakibana chelezo. Washington akachomeka pondo ili akizuie, maji yakampokonya, akatumbukia. Akajiokoa kwa kudaka gogo la chelezo chenyewe. Usiku wakalala kisiwani, vidole vya Gist vikaliwa na baridi, na kulipokucha mto ulikuwa umeshikana, wakavuka kwa kutembea juu yake. Kijana, mpakani hakuna wa kumtuma akufanyie. Hilo ndilo somo la kwanza alilolipata.

DADA: Mjomba, safari umeieleza vizuri, ila umewaacha watu njiani. Napinga hoja, na naanza na hao. Mpaka Fort Le Boeuf Washington alifuatana na Tanaghrisson, kiongozi wa kabila la Seneca aliyekaa bonde la Ohio akisimamia mambo ya Muungano wa Iroquois. Waingereza walimwita Nusu Mfalme. Alikuwa mtu mzima mwenye hesabu zake: Wafaransa walimdharau, naye alitaka Waingereza wawe uzito wa upande wa pili wa mizani ili ardhi ibaki kwa wenyewe. Washington mwenyewe aliandika baadaye kwamba Nusu Mfalme alimpa jina, Conotocarious, jina ambalo zamani alipewa baba wa babu yake. Maana yake ni mharibifu wa miji. Tulishike jina hilo, tutalirudia.

KIJANA: Yaani alikwisha kuitwa mharibifu wa miji kabla hajafyatua hata risasi moja?

DADA: Kabla ya risasi ya kwanza. Na risasi ya kwanza haikukawia. Mwaka 1754 alipandishwa kuwa luteni kanali akapelekwa Ohio na askari. Ili watu wajiandikishe, Dinwiddie aliahidi kuwagawia ekari 200,000. Ekari hizo zilikuwa nchi ya watu ambao hakuna aliyewauliza. Basi usiku wa tarehe 27 Mei Tanaghrisson akaleta habari kwamba kuna Wafaransa wamejificha kwenye korongo. Washington akatoka na watu wapatao 40. Mvua inanyesha, giza totoro, wanatembea safu moja wakigongana migongoni. Saba walipotelea msituni. Alfajiri wakaungana na Tanaghrisson na wapiganaji wake wachache, wakaizingira kambi. Wafaransa walikuwa ndiyo kwanza wanaamka. Milio ya magobori haikupita robo saa. Ilipokoma, Wafaransa kama kumi walikuwa wamelala wamekufa, na kiongozi wao, Joseph Coulon de Jumonville, akiwa miongoni mwao. Zipo simulizi zisemazo kwamba Tanaghrisson mwenyewe alimuua kwa shoka baada ya silaha kutua. Na Jumonville alikuwa amebeba nini? Barua ya kuwataka Waingereza waondoke. Kazi ile ile aliyoifanya Washington miezi michache nyuma, akapokewa kwa adabu na kurudi salama.

KIJANA: Baada ya hapo alimwandikia ndugu yake kwamba mlio wa risasi una utamu. Niliposoma hilo niliogopa, Mjomba. Niliogopa kwa kuwa nilimwelewa.

MJOMBA: Uzuri ni kwamba umeogopa. Kijana aliyetoka mzima kwenye risasi zake za kwanza husema hivyo. Nimewasikia kwa masikio yangu. Huo si ushujaa bado. Ni damu kuchemka kwa kutojua ilichoponea. Na hakujua kabisa: lile tukio la robo saa ndilo lililowasha vita vya Uingereza na Ufaransa vilivyofika Ulaya, India, visiwa vya Karibea, mpaka Senegal. Kijana wa miaka 22, korongo moja, mvua ya usiku mmoja. Ndiyo maana nasema cheo kidogo hakipo.

DADA: Basi tuone alivyolibeba jambo hilo. Alijua Wafaransa watakuja kulipiza. Akajenga boma kwenye uwanda wa majani uitwao Great Meadows, akaliita Fort Necessity, ngome ya lazima.

MJOMBA: Hapo mwanangu niachie mimi, kwa kuwa pasipoteteka sitetei. Lile halikuwa boma la kupigania. Duara la magogo lenye upana wa mita kama 16, limekaa bondeni, na msitu u karibu kiasi kwamba mtu alisimama nyuma ya mti akawalenga waliomo ndani. Kuruta wangu angechora vile ningemfutia. Tarehe 3 Julai 1754 wakaja Wafaransa na Wakanada wapatao 600, pamoja na wapiganaji wenyeji kama 100. Aliyewaongoza ni Louis Coulon de Villiers, ndugu yake Jumonville. Washington alikuwa na watu kama 400, wengi wagonjwa na wenye njaa. Mvua ikamwagika mchana kutwa. Mahandaki yakajaa maji, baruti ikalowa, magobori yakakataa. Ilipoingia jioni askari wakavamia mapipa ya pombe wakanywa. Waliokufa walikaribia 30, majeruhi 70 hivi.

DADA: Na Tanaghrisson hakuwapo. Alikuwa amekwisha kuwaondoa watu wake. Baadaye alimweleza Conrad Weiser, mkalimani wa Pennsylvania, sababu zake: kijana yule ni mtu mwema lakini hana uzoefu, anawaamrisha wenyeji kana kwamba ni watumwa wake, hataki shauri, na alikaa mahali pamoja mwezi mzima akijenga kile kiboma kwenye majani. Mjomba, sisi tunasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini guu lililovunjika pale halikuwa lake. Yeye alitoka bila jeraha. Kwa hiyo nauliza: karo ya somo lile alilipa nani?

MJOMBA: Swali zito. Liache mezani.

DADA: Nitaliacha, na nitaongeza juu yake. Usiku ule wa kujisalimisha, hati ililetwa kwa Kifaransa, imeloa, wino umetapakaa. Mshumaa ulikuwa hauwaki vizuri kwa mvua. Mkalimani alikuwa Jacob Van Braam, Mholanzi. Akaisoma kwa sauti, akafasiri, Washington akatia saini. Ndani yake mliandikwa kwamba kifo cha Jumonville kilikuwa mauaji ya kuvizia. Amekiri kwa mkono wake jambo ambalo baadaye aliapa hakulielewa. Na lawama alimtupia Van Braam, ambaye wakati huo yuko mikononi mwa Wafaransa kama mateka wa dhamana ya hati ile ile.

MJOMBA: Ni kweli. Na hapo bado hajawa kiongozi. Uongozi huanza siku mtu anapoacha kutafuta mkalimani wa kumlaumu. Lakini Dada, usimfunge kitabu akiwa na miaka 22. Tumfuate mwaka unaofuata.

KIJANA: Vita vya Braddock.

MJOMBA: Enhe. Julai 1755. Jenerali Edward Braddock ameletwa kutoka Uingereza na askari rasmi wa Mfalme, na Washington amefuatana naye kwa kujitolea, bila cheo cha kuamrisha. Amepatwa na tumbo la kuhara damu, hawezi kukaa juu ya tandiko bila mito. Tarehe 9, karibu na mto Monongahela, jeshi la watu wapatao 1,300 likakutana msituni na Wafaransa na wenyeji wachache kuliko hao. Askari wa Mfalme walizoea kusimama mistari na kupiga kwa pamoja. Adui hawakumwona, walisikia sauti tu. Wakajazana barabarani wakapigana risasi wao kwa wao. Kwa saa chache theluthi mbili waliuawa au kujeruhiwa, na Braddock mwenyewe akapigwa. Washington, mgonjwa, alipanda na kushuka uwanja mzima akipeleka amri. Farasi wawili walikufa chini yake. Koti lake lilitobolewa na risasi nne. Yeye ndiye aliyesaidia kupanga mafungo. Braddock alipokufa njiani alizikwa katikati ya barabara, na magari ya farasi yakapitishwa juu ya kaburi ili adui asilione. Kijana aliyelitazama kaburi lile likikanyagwa aliona cheo kinaishia wapi.

DADA: Na Braddock alifikaje pale bila macho ya wenyeji? Kwa simulizi ya Shingas, kiongozi wa kabila la Delaware, alimwendea Braddock kabla ya vita akamuuliza: tukikusaidia kuwafukuza Wafaransa, ardhi itakuwa ya nani? Braddock akamjibu kwamba hakuna mshenzi atakayeirithi. Shingas akaondoka na watu wake. Waliobaki na jeshi lile hawakuzidi kumi. Washington alikuwa katika msafara huo. Baada ya maafa aliandika kwa uchungu kuhusu woga wa askari wa Mfalme na ushujaa wa Wavirginia wake. Alijifunza kwamba jeshi kubwa linaweza kushindwa. Lile swali la Shingas, kwamba ardhi ni ya nani, hakulijibu kamwe.

KIJANA: Lakini Dada, alijuaje kulijibu? Alikulia mahali ambapo mtoto wa miaka 11 alirithi watumwa kumi baba yake alipofariki. Hakufundishwa kuuliza.

DADA: Kweli, na ndiyo maana nasema vita havikumfunza. Vita humnoa mtu kwa upande ambao tayari ana makali. Ule ulio butu hubaki butu.

MJOMBA: Sasa tufike Winchester, mji wa mpakani, kwa maana ushahidi wangu uko huko. Agosti 1755, akiwa na miaka 23, alipewa Kikosi cha Virginia chote. Mpaka wa zaidi ya maili 300, askari ambao mara nyingi hawakufika elfu, nguo hamna, mishahara inachelewa, wanamgambo wakiitwa hawaji na wakija hawakai. Oktoba mji umejaa wakimbizi. Habari ikaja kwamba adui yu karibu, anaua na kuchoma. Washington akakusanya watu aliowapata, akatoka kwenda kumkabili. Aliowakuta ni askari watatu wa farasi, wamelewa chakari, wanapiga mayowe na kufyatua bastola hewani. Ukubwa ni jaa, mwanangu. Kila taka inatupwa hapo: woga wa raia, ulevi wa askari, barua za gavana, njaa. Aprili 1756 alimwandikia Dinwiddie kwamba machozi ya akina mama na maombi ya wanaume yanamyeyusha, na kwamba angekubali kutolewa sadaka kama kifo chake kingewaokoa. Mlinganishe na yule aliyesifu mlio wa risasi. Miaka miwili tu imepita.

KIJANA: Na pale alifanya nini hasa? Nataka kazi yenyewe, Mjomba, siyo moyo tu.

MJOMBA: Kazi yenyewe ni ya kila siku na haina nyimbo. Aliwaagiza maafisa wake wasome vitabu vya mafunzo ya kijeshi, hasa kile cha Humphrey Bland. Aliwafunza askari gwaride la Kiingereza, na pia kupigana msituni, kila mtu na mti wake. Alihesabu viatu, blanketi, chumvi ya nyama. Alipiga vita kamari. Januari 1756 aliwaambia maafisa wake kwamba hati haimfanyi mtu afisa, matendo ndiyo yanayomfanya. Na mwisho wa 1758, alipoaga, maafisa 27 walitia saini barua ya kumsihi asiwaache. Mimi nimeaga makamanda wengi. Barua ya namna hiyo haiandikwi kwa woga.

DADA: Mjomba, na mti wa kunyongea? Mwaka 1757 watoro walipozidi alisimamisha mti wa kunyongea wenye urefu wa futi karibu 40. Akawanyonga wawili, na alieleza kwamba alichagua kamba badala ya risasi kwa kuwa kamba inatisha zaidi. Viboko vilihesabiwa kwa mamia.

MJOMBA: Nimelisubiri hilo. Wengine waliohukumiwa kifo aliwasamehe. Lakini sitalipamba. Jeshi la zama zile lilikuwa hivyo, na mimi namshukuru Mungu sikutumikia lile. Ninalolijua ni kwamba mtoro mmoja mpakani ni tundu kwenye ngalawa. Hata hivyo, mwanangu, afisa anayeanza na kamba anakiri kwamba ameshindwa na posho, viatu na mshahara. Askari walikimbia kwa sababu hawakulipwa. Naliweka hilo upande wako wa mizani.

KIJANA: Kuna jambo jingine lililonigusa. Alitafuta kwa miaka mingi hati ya uofisa ya Mfalme, hakupewa. Kapteni mmoja, John Dagworthy, alikataa amri zake kule Fort Cumberland kwa kuwa aliwahi kushika hati ya Mfalme, na Washington, kanali mzima, hana. Akapanda farasi wakati wa baridi mwaka 1756 mpaka Boston kwenda kushtaki kwa William Shirley, gavana wa Massachusetts aliyekaimu ukuu wa majeshi ya Mfalme.

MJOMBA: Uchungu huo umo nyumbani humu. Babu yenu alikuwa King's African Rifles, alipigana Burma. Alijua kusoma ramani kuliko baadhi ya waliomwamrisha, lakini ngazi ya Mwafrika ilikomea chini ya uofisa. Uzeeni aliniambia neno moja: hawakuninyima mshahara tu, walininyima jina la kazi niliyoifanya. Shirley alimpa Washington haki yake juu ya Dagworthy, lakini hati ya Mfalme hakuipata. Mwaka uliofuata alimwendea Lord Loudoun, mkuu mpya wa majeshi ya Mfalme, huko Philadelphia, akatoka mikono mitupu. Nasema dharau ile ilimfunza.

DADA: Ilimfunza kuijua dharau aliyofanyiwa yeye. Babu alirudi kutoka Burma akimheshimu kila askari mdogo. Washington alinyimwa jina la kazi yake, akarudi nyumbani kwa watu ambao hata miili yao haikuwa yao. Kuonja uchungu si sawa na kuutambua kwenye mdomo wa mwenzako.

KIJANA: Na mwaka 1758? Pale alishinda.

DADA: Tuangalie alivyoshinda. Jenerali John Forbes alikwenda na jeshi la watu wapatao 6,000 kuitwaa Fort Duquesne, ngome ya Wafaransa. Washington aligombana naye juu ya barabara: yeye alitaka ile ya Braddock inayotoka Virginia, Forbes akakata mpya kupitia Pennsylvania. Forbes alihisi kijana huyu anapigania biashara ya jimbo lake. Jioni ya tarehe 12 Novemba, kwenye ukungu, vikosi viwili vya Virginia vikadhaniana adui vikafyatuliana risasi. Watu wapatao 40 waliuawa au kujeruhiwa.

MJOMBA: Na Washington akaingia katikati, kati ya mistari miwili inayowaka, akiyapiga magobori kwa upanga wake yaelekee juu. Alipokuwa mzee alisema maisha yake hayakupata kuwa hatarini kuliko jioni ile. Kijana, huyo ni mtu aliyetoka mbali. Kwenye korongo la Jumonville aliingia kuanzisha moto. Hapa ameingia kuuzima.

DADA: Nakubali, Mjomba, na ni picha nzuri kuliko zote za maisha yake. Lakini ngome haikuangushwa na upanga ule. Mwezi Oktoba kule Easton, Pennsylvania, viongozi wa mataifa mengi ya wenyeji walifanya mapatano na Waingereza. Pisquetomen, ndugu yake Shingas, alikuwa amevuka misitu akipeleka na kurudisha maneno ya amani. Waliahidiwa kwamba ardhi yao ng'ambo ya milima haitavamiwa. Wakawaacha Wafaransa. Bila marafiki, Wafaransa waliichoma ngome yao wenyewe tarehe 24 Novemba wakaondoka. Kesho yake jeshi likaingia kwenye majivu. Lile swali la Shingas lilikuwa limejibiwa kwa ahadi, na kampeni ile ikaisha.

KIJANA: Na ahadi ilitimizwa?

DADA: Hapo sasa turudi kwenye swali nililoliacha mezani. Mwaka 1763 Mfalme alitoa tangazo la kuwazuia walowezi wasivuke milima. Washington alilitazama kama kizuizi cha muda tu, akaendelea kutafuta ardhi. Zile ekari 200,000 alizifuatilia kwa bidii, na mwaka 1770 alisafiri mwenyewe kwenda kuzikagua. Kwenye hesabu yake ziliingia zaidi ya ekari 20,000, nyingine akizinunua kutoka kwa wenzake waliopigana naye. Kisha 1779, akiwa jemadari mkuu wa mapinduzi dhidi ya Mfalme, alimtuma Jenerali John Sullivan kwenye nchi ya Iroquois kwa amri ya kuteketeza makao. Miji ipatayo 40 ilichomwa pamoja na mahindi na miti ya matunda, majira ya baridi yakikaribia. Mwaka 1790 Cornplanter, kiongozi wa Seneca, alikwenda Philadelphia akamwambia usoni, sasa akiwa Rais wa Marekani: tunakuita Mharibifu wa Miji, na hadi leo jina hilo likitajwa wanawake wetu hutazama nyuma wakapauka, na watoto hung'ang'ania shingo za mama zao. Jina lile la 1753, Mjomba. Alipewa na mzee aliyemwonyesha njia.

(Kimya kilipita. Mjomba alijaza vikombe kabla ya kusema.)

MJOMBA: Nitasema neno langu la mwisho la kutetea, kisha nitasimulia. Desemba 1783, huko Annapolis, Washington aliirudisha hati yake ya ujemadari akaenda nyumbani. Mtu aliyepanda farasi hadi Boston kwa ajili ya cheo, alipokuwa na jeshi zima mkononi alikiweka chini. Wengi waliofika pale hawakuweza. Huyo alijifunza, na aliyemfunza ni mpaka: Winchester, njaa, Dagworthy, jioni ya ukungu. Hilo silitoi.

Sasa kisa. Tulikuwa kaskazini, nchi kavu. Luteni wetu alikuwa na miaka 23, hodari, msomi. Tulifika mchana wa jua kali, akaamuru tupige kambi kwenye laga, mkondo wa mto uliokauka, kwa kuwa kulikuwa na kivuli na mchanga laini. Akaja mzee mfugaji. Hakusema mengi. Alinyoosha fimbo juu, kwenye matawi ya mgunga: majani makavu, vijiti na kipande cha gunia vimenasa pale, juu kuliko kichwa cha mtu mrefu. Maji yalifika hapo, akasema. Luteni akamshukuru, akatuambia tuendelee kufunga mahema. Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna wingu.

Usiku mzee yule ndiye aliyetuamsha, anapiga kelele gizani. Mvua ilikuwa imenyesha mbali milimani. Tulipanda ukingo na bunduki zetu tu. Posho, mahema, mapipa ya maji, vyote vilikwenda. Sisi tulipona wote. Mzee aliacha mbuzi wake ng'ambo ili aje kutuamsha, na mbuzi kumi na mmoja walichukuliwa.

Asubuhi luteni alitupanga mstari, akamwita mzee, akavua kofia. Alisema mbele yetu: alinionyesha nikakataa kuona, kosa ni langu peke yangu. Kisha akauliza bei ya mbuzi. Alilipa kwa mshahara wake, miezi minne, akituma pesa kwa mkono wangu. Na kila nilipokwenda aliniagiza nimuulize mzee jambo: visima, njia, nani amegombana na nani. Tangu siku hiyo tungemfuata popote.

Dada, nimekuwa nikiunga mkono hoja kwa saa nzima, na kila uliposema karo nilikuwa nikimwona luteni yule anahesabu noti. Washington alijifunza kazi ya uongozi vizuri kuliko wengi. Lakini hakurudi kwa mzee wa fimbo.

DADA: Nami nimepinga kwa saa nzima, Mjomba, na siwezi kukataa kwamba yule aliyeingia kati ya risasi za watu wake hakuwa tena yule wa korongoni. Alifunzwa. Ila alifunzwa kuwajibika kwa waliosimama upande wake.

KIJANA: Basi naomba kuirekebisha hoja, kwa kuwa ni mimi niliyeileta. Vita vya mpakani vilimfunza Washington kuongoza. Karo walilipa wengine. Aliowaona kuwa ni watu wake aliwalipa deni, aliowakuta kwenye ardhi hakuwalipa.

MJOMBA: Iandikwe hivyo. Mimi naikubali.

DADA: Na mimi.

KIJANA: Mjomba, na luteni yule alifika wapi?

MJOMBA: Alipanda vyeo, mwanangu. Lakini ninachokikumbuka ni kwamba kila tulipofika mahali papya, kabla hajafungua ramani, alitazama kwanza matawi ya miti. Kisha akauliza: mzee wa hapa ni nani?